Wekundu Watatu wa Bibi Tounes

Kairouan, Jumatatu 6 Oktoba

Muhula umeanza. Nimepewa somo jipya, Historia ya Utamaduni, mimi ambaye kwa miaka thelathini nimefundisha kodi za mashamba enzi za mabeyi, watawala wa zamani wa Tunisia. Bwana Lamjed, mkuu wa idara, anasema katika kitivo kizima ni mimi peke yangu niliyewahi kuandika makala juu ya nyimbo. Ni kweli niliandika. Moja tu.

Wanafunzi kumi na mmoja. Nimewaambia wafalme walikuwa na makarani wa kuwaandikia, lakini namna watu wa kawaida walivyolia, walivyokula na walivyobembeleza watoto hakuna aliyeiandika, na hiyo ndiyo kazi yetu. Zoezi la kwanza: kila mmoja aandike shajara muhula mzima. Kijana wa mstari wa mbele, anaitwa Wajdi, akauliza, "Na wewe, profesa, utaandika?" Darasa likacheka. Nikasema nitaandika. Basi ndiyo hii.

Nilipomweleza mke wangu, Aroussia, alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Wewe na utamaduni? Hata chumvi hujui inakaa wapi humu ndani!"

Jumatano 8 Oktoba

Vumbi. Mvua hakuna.

Jumatatu 13 Oktoba

Leo niliwagawia ile makala yangu juu ya wimbo wa wafumaji mazulia. Najua kwa nini niliichagua: nilitaka wanione. Nikawasomea mistari ya mwanzo:

*Weupe wawili wamekuja wageni,*
*mweusi mmoja kawafungulia mlango,*
*wekundu wawili wamekaa kitako.*

Nikaeleza kwamba ni wimbo wa mapenzi. Wale wekundu wawili ni bibi na bwana harusi, na mwanamke mfumaji aliyefungiwa mbele ya mtambo wake aliimba ndoto yake. Waliandika kila neno. Wajdi hakuandika.

"Samahani, profesa. Ni wekundu watatu."

"Maandishi yanasema wawili."

"Maandishi yamekosea. Bibi yangu anauimba tangu sijazaliwa. Ukisema wawili, atakwambia zulia lako litapinda."

Nikamjibu kwamba nyimbo zina namna nyingi, kila nyumba na yake. Jibu zuri la kitaalamu. Akakubali kwa kichwa. Niliporudi nyumbani sikula.

Jumanne 14 Oktoba

Niliahidi kuandika, kwa hiyo niandike.

Wimbo ule sikuukusanya mimi. Aliukusanya Dalenda Ouni, mwanafunzi wangu, miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa anaandika tasnifu juu ya wafumaji wa mji huu, na badala ya kukaa kwenye nyaraka alikaa majira mawili ya baridi chini ya mitambo ya wanawake akisikiliza. Aliniletea rasimu ya kurasa mia mbili. Nilisoma karibu tisini, nikamwita ofisini. Nakumbuka nilivyosema: "Wimbo si hati, binti. Niletee karatasi yenye muhuri." Akajitetea kidogo, kisha akaondoka. Kabla ya kiangazi alikuwa ameacha chuo.

Mwaka uliofuata jarida moja la Tunis likaniomba makala juu ya wanawake. Sikuwa na kitu. Rasimu yake ilikuwa kabatini mwangu. Nikachukua wimbo, na chini ya ukurasa nikaandika: *umeimbwa na bibi mmoja wa mji mkongwe.* Dalenda sikumtaja.

Na ile "watatu" aliiandika yeye. Mimi ndiye niliyeifanya "wawili". Nilidhani amekosea kupiga chapa, maana harusi haina watu watatu. Nilimsahihisha.

Jumamosi 18 Oktoba

Wajdi alinipeleka kwa bibi yake. Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuisema.

Bibi Tounes ana miaka themanini na minne. Ana chale ya buluu kidevuni na macho yameingia ukungu, lakini mtambo bado umesimama chumbani na zulia limefika katikati. Anafunga mafundo kwa kupapasa. Nilikaa kwenye mto, nikala makroudh, vile vitafunio vya tende, nikamuuliza wimbo maana yake nini.

"Maana?" akasema. "Maana yake ni zulia. Weupe wawili, unafunga nyuzi nyeupe mbili. Mweusi mmoja, unafunga nyeusi moja. Wekundu watatu. Sisi tulisoma shule gani? Mama alikuwa anaimba, mikono inafuata. Ukisahau mstari unafumua kutwa nzima."

Wimbo wote, beti arubaini, ni hesabu ya mafundo. Ni ramani ya zulia. Na mimi niliandika kurasa kumi na nane juu ya ndoto za mahaba.

"Nilishamwambia yote haya msichana mmoja wa chuo hapo kwenu," akaendelea. "Wa miwani. Dalenda. Alikaa nami majira mawili, akanisaidia hata kuchambua sufu. Unamjua?"

Wajdi alikuwa ananitazama.

"Nimewahi kulisikia jina," nikasema.

"Mwambie aje. Nilimpa wimbo, lakini pindo sikumpa. Beti za mwisho, za kufungia pindo, hizo kwetu hazitolewi ovyo. Nilimwambia, ukirudi na kitabu nakupa. Nilitaka arudi, unaona. Hakurudi. Labda nilimuudhi."

"Nipe mimi, bibi," Wajdi akasema. "Si mjukuu wako?"

"Wewe? Kifungo cha shati lako hujui kukishona, nikupe pindo? Nenda zako." Akacheka, akampiga kofi gotini. Kisha akanigeukia. "Nimezeeka, profesa. Mtafute."

Nikasema nitamtafuta.

Jumapili 19 Oktoba

Nimepanda juu ya kiti, nikashusha boksi lililo juu ya kabati. Rasimu ipo. Ukurasa wa mia na kumi na mbili: *Huu si wimbo wa mapenzi. Ni hesabu.* Halafu kurasa thelathini za kuthibitisha, na picha za mazulia, fundo kwa fundo. Ningesoma kurasa ishirini na mbili zaidi ningefika hapo.

Aroussia alinikuta nimekaa sakafuni. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na huyu Dalenda ndiye yule mwenye shule ya udereva mjini Msaken? Aliyemfundisha mpwa wangu?"

Ndiye.

"Msaken ni mwendo wa saa moja, Sadok."

Alhamisi 23 Oktoba

Bado sijaenda Msaken. Kikao cha idara.

Jumatatu 27 Oktoba

Mvua ya kwanza. Maji yalijaa uani hadi kwenye ngazi. Barabara haipitiki, au ndivyo nilivyojiambia.

Jumapili 2 Novemba

Tumekwenda kuchuma zeituni kwa shemeji zangu. Nilikuwa juu ya ngazi, Aroussia chini ameshika turubai. Akasema bila kuinua uso, "Kutoka hapa Msaken ni karibu kuliko nyumbani." Nikajifanya sikusikia. Akasema tena kwa sauti, na dada zake wakageuka kusikiliza. Nikashuka nikahamia mti mwingine.

Ijumaa 7 Novemba

Mafua. Sikwenda.

Jumatatu 10 Novemba

Wajdi aliniuliza baada ya darasa kama nimepata habari za yule Dalenda. Nikasema ninaulizia. Aliniamini, na hilo liliniuma kuliko kama angenitilia shaka. Amesema bibi yake amepungua, anakula uji tu, na kila Jumamosi anauliza.

Jumanne 18 Novemba

Niliandika barua kwenda kwa jarida, kueleza makala ile imetokana na kazi ya nani. Ukurasa mmoja na nusu. Imekaa mezani.

Jumamosi 22 Novemba

Barua bado iko mezani. Aroussia ameweka sahani ya zeituni juu yake. Nadhani kwa makusudi.

Alhamisi 27 Novemba

Nimekwenda.

Ofisi ya shule ya udereva ilikuwa na msichana mmoja na picha za alama za barabarani ukuta mzima. Akaniambia madamu yuko nje na mwanafunzi. Nikatoka. Dalenda alikuwa amekaa kiti cha pembeni katika gari dogo jeupe lenye kibao juu, na nyuma ya usukani mwanamke mnene wa makamo anayetetemeka. Alinitambua mara moja. Miwani ile ile, nywele zimeanza mvi.

"Profesa Mrabet," akasema. "Umekuja kujifunza gari?"

"Nimekuja kuzungumza nawe."

"Nina somo mpaka saa sita. Ukitaka kusema, panda nyuma. Hadhija, washa."

Nikapanda nyuma. Sijui ni watu wangapi wamekiri makosa yao katika gari linalozimika kila baada ya mita kumi, lakini mimi nilikiri hivyo. Nilianza na rasimu. Gari likazimika. Nikafika kwenye makala.

"Klachi, Hadhija. Klachi kwanza," Dalenda akasema, kisha kwangu, bila kugeuka: "Makala niliisoma mwaka ule ule ilipotoka. Endelea."

"Uliisoma?"

"Nilikuja mpaka mlangoni kwako, profesa. Mlikuwa na wageni, wanakupongeza. Nilisikia vicheko. Nikarudi kituoni. Kulia, Hadhija, kulia, hiyo ni kushoto."

"Kwa nini hukusema chochote? Ungenishtaki."

"Kwa hati gani?" Hapo ndipo alipogeuka. "Karatasi gani yenye muhuri?"

Hadhija alisimamisha gari katikati ya barabara. Lori nyuma yetu likapiga honi, dereva akatoa kichwa akatutukana sote watatu pamoja na mama zetu. "Bwana weee!" Hadhija akamjibu kupitia dirishani. "Huoni watu wana maneno mazito humu?" Kisha akamwambia Dalenda kwa upole, "Madamu, nisogee pembeni?"

Akasogea pembeni. Dalenda akavua miwani, akaifuta.

"Unajua kilichoniuma si kuiba," akasema. "Ni wale wekundu wawili. Uliiba halafu ukaharibu. Nikawa najiuliza, hivi huyu mtu hata hakusoma?"

"Sikusoma. Nilisoma mpaka ukurasa wa tisini."

Alicheka kicheko kifupi. "Afadhali umesema kweli. Miaka yote nilidhani ulisoma ukaona si kitu."

Nikamweleza kwamba Bibi Tounes anamtaka na kwamba bado ana pindo lake. Uso wake ulibadilika kabisa.

"Yuko hai? Tangu lini unajua ananitafuta?"

Nilitaka kudanganya. "Tangu Oktoba. Tarehe kumi na nane."

Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Nina wanafunzi tisa wana mtihani wiki ijayo, halafu Idi. Nitakuja siku ya tatu ya Idi. Mwambie nakuja." Akavaa miwani. "Msamaha usiniombe leo. Sina mahali pa kuutoa. Hadhija, washa, twende."

Ijumaa 28 Novemba

Nilikwenda kwa Bibi Tounes kumpa habari. Yuko kitandani sasa. Alishika mkono wangu akidhani ni wa Wajdi. "Siku ya tatu ya Idi," akasema. "Basi nitajitahidi."

Barua ya jarida nimeituma.

Jumatatu 8 Desemba

Idi. Nyama, majirani, watoto. Nimehesabu siku kama mtoto.

Jumatano 10 Desemba

Siku ya tatu. Nitaandika kwa ufupi.

Wajdi alipiga simu saa moja asubuhi. Bibi Tounes ameaga alfajiri. Tulimzika kabla ya adhuhuri, kwa kuwa mawingu yalikuwa mazito. Tuliporudi kichochoroni kwake, wanaume tukakaa kwenye viti vya kukodi, wanawake ndani. Na gari dogo jeupe lenye kibao juu likaja taratibu, likasimama mwisho wa kichochoro. Dalenda akashuka na sanduku la halua mkononi. Akaona viti. Akasimama.

Wajdi alimwendea. Hawakuwahi kuonana. Sikusikia walichosema, niliona tu sanduku likiinamishwa hadi likagusa chini. Kisha Dalenda akaingia kwa wanawake, na baada ya muda sauti yake ilisikika ikilia pamoja na zao.

Alipotoka alikuja moja kwa moja nilipo. Wajdi alikuwa nyuma yake.

"Jana jioni alikuwa anaimba," akasema. "Wake za wanawe wameniambia. Aliimba pindo mwanzo mpaka mwisho, mara mbili, na chumba kizima kilikuwa na wanawake wanaokata nyama. Hakuna aliyeshika hata mstari. Walidhani anaweweseka."

"Dalenda..."

"Na mimi nilikuwa naosha sahani. Ningeweza kuja siku ya kwanza. Nilisema wacha nimalize wageni." Akanigeukia. "Lakini kama ungeniambia Oktoba, profesa, ningekuja Oktoba."

"Oktoba?" Wajdi akauliza. "Oktoba vipi? Si ulisema unaulizia aliko?"

Hakuna aliyenisaidia, na haikuwa kazi yao kunisaidia. Nikamwambia kwamba nilijua aliko tangu siku ya pili baada ya kukaa na bibi yake. Kwamba wimbo ulitoka kwa Dalenda. Kwamba yule "bibi mmoja wa mji mkongwe" wa chini ya ukurasa alikuwa bibi yake na sikujali kumuuliza jina.

Wajdi ni kijana wa adabu. Alisema tu, "Wiki sita, profesa. Alikuwa anauliza kila Jumamosi." Kisha akaenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Alhamisi 18 Desemba

Mvua kutwa. Wajdi hakuja darasani.

Jumatatu 22 Desemba

Amekuja, na karatasi ya kubadilisha msimamizi wa tasnifu yake. Nikatia saini. Nikampa rasimu ya Dalenda ndani ya bahasha ampelekee. Nilikuwa nimeipitia yote, ukurasa kwa ukurasa, kuhakikisha imekamilika. Ukurasa wa themanini na nane nilikuta maandishi yangu mwenyewe pembeni, kwa wino mwekundu: *Haya yatamsaidia nani?* Nilifikiri kuuchomoa. Nimeuacha.

Jumatatu 12 Januari

Semina ya idara. Nilisimama nikasoma barua niliyolitumia jarida, kisha nikaeleza mengine kwa mdomo. Walimu tisa na wanafunzi wengi kuliko kawaida, maana habari zilishatembea.

Bwana Lamjed alinifuata kwenye korido. "Sadok, unastaafu Juni. Nani alikuuliza? Umejidhalilisha bure."

"Si bure."

"Na chuo je? Watu watasema tunaiba kazi za watoto."

"Aliyeiba ni mimi. Waambie hivyo."

Alinipiga bega kama mtu anayeaga mgonjwa. Muhula ujao somo atapewa mwingine.

Nyumbani Aroussia alikuwa amepika mloukhia, chakula kinachotaka siku nzima. Hakusema ni kwa sababu gani. Tulikula. Alipokuwa anaondoa sahani akasema, "Ningekusifu ungefanya Oktoba," na nikajibu najua.

Jumamosi 24 Januari

Wiki hii Wajdi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa kavu. Alisema Dalenda ana kaseti kumi na moja za wakati ule, alizoziweka kwenye boksi la viatu na hajawahi kuzisikiliza tena. Wanakwenda kuzifungua. Dalenda amesema, na profesa aje, akitaka.

Tulikutana Msaken mchana, ofisini kwake, chini ya zile picha za alama za barabarani. Nje mvua ilikuwa inanyesha na wanafunzi wa gari wamerudishwa. Dalenda alikuwa ameazima redio ya kaseti ya mama yake. Rasimu ilikuwa mezani, imefunguliwa katikati. Kalamu ya Wajdi ilikuwa juu yake. Wanataka kuimaliza pamoja. Pindo wataliacha wazi, na wataandika kwa nini liko wazi. Dalenda aliniambia hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa ratiba. Sikuulizwa neno.

Walianza na kaseti ya nne. Kwanza mlio wa chanuo la chuma likipiga nyuzi, pu, pu, pu. Kisha sauti ya Bibi Tounes, ya nguvu, ya mwanamke ambaye macho yake bado yalikuwa mazima. Wajdi alishika ukingo wa meza. Bibi aliimba mpaka kwenye wekundu watatu, akasimama, akamkaripia paka. Chanuo likapiga tena. Halafu akasema:

"Na huyo mwalimu wako, mbona kila siku anakutuma wewe? Yeye hana miguu?"

Kicheko cha msichana. Sikukitambua mara moja. Dalenda wa miaka ishirini na sita.

"Anayo, bibi. Ana kazi nyingi tu. Lakini ni mtu mzuri. Nikimaliza kuandika atasoma, na akisoma ataelewa. Nitamleta hapa mwenyewe, akae hapa nilipokaa mimi."

"Haya. Mlete."

Na chanuo likaendelea.

Dalenda aliyekuwa mbele yangu alikuwa anatazama dirishani. "Sikukumbuka kama nilisema hivyo," akasema.

Niliinuka nikaenda kusimama mlangoni, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Hakuna aliyeniambia niketi, wala aliyeniambia niondoke. Upande wa kwanza ukaisha kwa mlio. Wajdi akaitoa kaseti, akaigeuza, akabonyeza, na nikausikiliza upande wa pili nikiwa nimesimama.